Boriti Yenye Matundu

Bondeni, 4 Machi

Wifi Mwiba,

Ningekupigia simu, lakini huku simu hunasa ukipanda juu ya tangi la maji, na juu ya tangi la maji mtu hawezi kulia kwa raha zake. Basi barua hii anakuletea dereva wa lori la matunda. Safari hii anakuja mjini na nusu lori, na nusu yenyewe si yangu.

Mipasheni yangu inatoa maua. Inatoa maua mpaka wapita njia wanasimama kuyaangalia. Kila adhuhuri yanafunguka, makubwa kama visosi, na jioni yanajifunga. Kesho yake yanadondoka na hayaachi kitu nyuma, hata kile kitufe kidogo cha kijani cha kumtia mtu moyo. Mwaka juzi unakumbuka tulivyokosa kreti za kuwekea. Mwaka jana mavuno yakapungua, nikasema ni jua. Mwaka huu jua zuri, mvua nzuri, na kapu langu halijai.

Bwana shamba alikuja, akashika udongo, akaunusa, akaniambia niongeze mbolea. Nimeongeza. Majani yamenona kweli kweli, ng'ombe wa jirani wananisifu.

Kaka yako anapita shambani kila jioni akihesabu maua yaliyodondoka. Wamekuja wafyatua matofali wanataka kukodi shamba lote, maana chini kuna udongo wa mfinyanzi. Juzi akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha: "Tungoje mpaka mwisho wa Juni. Yasiposhika, tung'oe tuwape." Wifi, wakishachimba pale hapalimwi tena. Yatabaki mashimo ya kufugia mbu. Shamba lile nililianza mwenyewe na miche ya kwenye vikopo vya maziwa. Kaka yako ana karakana yake ya kuchomelea. Mimi nikitolewa pale nitabaki kuwa nani? Mke wa fundi, basi.

Wewe unafuga nyuki na unawaandikia magazetini mpaka wakubwa wanakuogopa. Niambie nifanye nini. Matusi yaweke mwishoni, nianze na la maana.

Wifi yako wa bondeni

*

Mjini, 9 Machi

Wifi wa bondeni,

Matusi siwezi kuyaweka mwishoni, yakikaa yanachacha.

Umepulizia dawa. Usiniambie "kidogo tu". Wanaopulizia wote hupulizia kidogo tu, ndiyo maana nchi nzima inanuka. Mwenye duka la pembejeo anakuuzia chupa yenye picha ya fuvu la kichwa, nawe unatoa fedha yako, unasema ahsante baba, unakwenda kuimwaga juu ya mlo wa wanao. Chawa wa majani anakufa, sawa. Na yule aliyekuja kukufanyia kazi bila mshahara naye anakufa, palepale, na donge la chavua mguuni. Halafu mnakaa kitako mnauliza kwa nini maua hayashiki! Umewaua wakunga, unashangaa hakuna mtoto.

Nisikilize, maana bwana shamba wako kajifunza udongo akasahau kilichoko juu yake. Ua la mpasheni lina upande wa kiume na upande wa kike ndani ya nyumba moja, lakini hawafikiani. Tena huu wa manjano uliopanda wewe ni mkaidi: chavua ya shina lake wenyewe hautaki, unataka ya shina jingine. Nani ataileta? Upepo hauiwezi, ni nzito na inanata. Lazima aje mdudu, aiguse huku, aipeleke kule. Watu wanadhani nyuki kazi yake ni asali. Asali ni ujira wake. Kazi yake ni matunda. Tikiti, boga, tango, chungwa, alizeti, vyote hivyo vimepita miguuni mwa mdudu kabla ya kufika mezani kwako. Siku watakapogoma, mawaziri watakula mbolea.

Kwa hiyo nakuletea mizinga miwili, imejaa, ya watoto wangu wakali kuliko wote. Iweke kivulini, midomo iangalie mawio, na maji karibu yenye kokoto za kukanyagia, nyuki hajui kuogelea. Dawa acha leo, si kesho.

Wafyatua matofali waambie wakafyatue ndevu zao. Mwisho wa Juni utakuwa unaazima kreti.

Mwiba

*

Bondeni, 21 Machi

Wifi Mwiba,

Mizinga imefika na dereva amefika, ila dereva amefika na sikio moja kubwa kuliko jingine. Anasema kwenye tuta la mwisho mzinga mmoja ulifunguka kidogo, akaendesha lori kichwa kikiwa nje kama mbuzi. Kaniambia safari nyingine umtumie simba.

Kuhusu dawa, ni kweli. Nilipulizia asubuhi, maua yakiwa bado hayajafunguka, mara chache. Sitakuficha hilo. Nimeacha tangu siku niliyosoma barua yako, na chupa iliyobaki kaka yako ameifungia kwenye sanduku la vyuma.

Nyuki wako hawana mchezo. Siku ya tatu tu walishalijua shamba. Saa sita maua yakifunguka wao wameshafika, wanaingia kila ua, wanatoka wamejaa vumbi la manjano. Nimekaa chini ya majani nikiwasikiliza, wifi, nikasema Mungu akupe maisha marefu na ulimi wako huohuo.

Kaka yako alikuja kuangalia akasimama mbali. Anaogopa nyuki mtu mzima yule, anayeshika moto siku nzima.

Wifi yako wa bondeni

*

Mjini, 25 Machi

Wifi yangu,

Nilisema nini? Nilisema nini mimi?

Dereva mpe pole, mwambie aliyeumwa na nyuki wangu hatapata baridi yabisi. Si kweli, lakini itampa moyo.

Nimeshaanza kuandika makala kuhusu shamba lako. Nimeandika mpaka pale matunda yanapoanza kushika, nangoja wewe unipe mwisho. Jina lako sitalitaja. La mwenye duka la pembejeo nalo sitalitaja, ila nitamwelezea mpaka mkewe amtambue.

Hesabu maua yako ukipenda. Au usihesabu, tafuta tu kreti.

Mwiba

*

Bondeni, 19 Aprili

Wifi,

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi nimefuata nyuki nikala hewa.

Hayashiki. Yaani afadhali hata zamani. Nyuki wako wanakuja kwa jeshi, wanakomba ile chavua yote, alasiri ukichungulia ndani ya ua limesafishwa kama sufuria lililorambwa. Kisha linajifunga, kisha linadondoka. Zamani angalau kwenye shina moja moja nilikuwa naokota tunda. Ninayo mizinga miwili ya wezi, wifi, tena wezi wakali, siwezi hata kupalilia mstari wa karibu nao.

Wafyatua matofali walikuja jana na kamba na vigingi vya mti. Wamepima. Wamechomeka vigingi kuanzia lango mpaka kule kwenye mkondo wa maji, katikati ya mashina yangu, mmoja akawa anakanyaga huku akiongea na simu. Nilimwambia aangalie anapokanyaga. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Kaka yako alikuwapo.

Makala yako maliza tu. Andika kwamba kulikuwa na mwanamke mmoja aliyemsikiliza wifi yake kwa sababu wifi yake alikuwa na uhakika sana.

Wa bondeni

*

Mjini, 23 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Kisha nimepika chai, nikaisahau jikoni mpaka ikakauka.

Kushindwa sijashindwa, nimekosea adui. Ni vitu viwili tofauti.

Fanya hivi. Chukua mstari mmoja, ule wa karibu na lango. Adhuhuri maua yakifunguka, chukua chavua kwa kidole chako kwenye ua la shina moja, ukaipake kwenye zile ndimi tatu za juu, ndio upande wa kike, za ua la shina jingine. Kila siku, mstari huohuo, mingine usiiguse. Mizinga ifunge midomo kwa wavu saa hizo wakati unafanya kazi yako, fungua jioni. Yakishika kwa kidole chako, basi udongo ni mzima, mbolea ni nzima, mashina ni mazima, na kinachokosekana ni kidole. Kuna mtu aliyekuwa akifanya kazi hiyo mwaka juzi na sasa hayupo. Tumtafute.

Na nijibu swali moja, usizunguke. Kati ya mwaka ule mliojaza lori na mwaka ule mavuno yalipoanza kupungua, ni nini kilichobadilika shambani? Barua zako tatu umenieleza mvua, jua, mbolea, ng'ombe wa jirani. Kuna kitu unakiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Mficha uchi hazai, wifi, na shamba lako halizai.

Mwiba

*

Bondeni, 8 Mei

Wifi Mwiba,

Yameshika.

Mstari wa lango umejaa vitufe vya kijani. Mistari mingine mitupu kama viganja. Nilikwenda na kidole kama mtu anayepaka watoto wanja, na kila nililolipaka limeshika. Kaka yako kaona, akauliza kama naweza kupaka shamba zima. Nimemwambia maua yanafunguka kwa maelfu na mimi nina vidole kumi, na viwili vya kupikia.

Sasa dimbwi lako. Nitakujibu, lakini yabaki kwako.

Unakumbuka nguzo za zamani za kutambazia mipasheni, zile za miti tuliyoikata kule juu kilimani? Zilikuwa zimeoza nusu. Zilikuwa zimejaa matundu, mviringo kabisa, kama mtu kapitisha keekee. Wenyewe waliokuwa wakiyatoboa ni yale madude meusi makubwa, yanavuma kama redio mbovu. Tulikuwa tukiwaita maseremala. Asubuhi unakuta unga wa mbao chini ya nguzo, unajua seremala kaamkia kazini. Hawaishi kundi, kila mmoja na tundu lake. Sikuwahi kuwaita nyuki. Nyuki kwangu ni wale wako wa asali.

Nguzo moja ikaanguka na mashina yake. Nikalalamika siku hiyo, siku moja tu, kama mtu yeyote. Kaka yako akasikia. Alikaa karakana mwezi mzima baada ya kazi za watu, akanichomelea nguzo za chuma, shamba zima, kapaka rangi ya kijani, kila nguzo ina ndoano za waya alizozikunja mwenyewe. Hajawahi kunipa kitu kama kile tangu anioe. Alizisimamisha, akaniita, akaniambia, "Hizi zitatuzika mimi na wewe." Nikalia. Majirani walikuja kuziona. Kipya kinyemi, wifi, nani angetazama kidonda?

Na zile za zamani tulizikata kuni. Nimezipikia. Zilikuwa kavu, zinawaka vizuri. Mara nyingine nilisikia kitu kinavuma ndani ya moto, nikasema ni utomvu.

Nimeanza kuwaza haya tangu mwezi wa pili. Sikukuandikia kwa sababu nikiyaandika yatakuwa kweli. Tafadhali usimwambie. Afadhali aamini udongo umechoka kuliko aamini zawadi yake ndiyo iliyoniua.

Wifi yako

*

Mjini, 12 Mei

Wifi yangu wa bondeni,

Sasa nisikilize mimi, na safari hii nitakuambia kitu cha kukuchekesha.

Veranda yangu, pale ninapoandikia, ina boriti ya mti mkubwa inayoshika paa. Ina matundu. Mviringo, kama ya keekee. Kwa miaka nimekuwa nikikaa chini yake naandika makala za moto za kuwatetea nyuki, na unga wa mbao ukinidondokea kwenye karatasi naupuliza, napanda kiti, naziba tundu. Unajua naziba kwa nini? Kwa nta. Nta ya nyuki wangu. Nimechukua jasho la nyuki mmoja nikampigia mlango nyuki mwingine, kisha nimeshuka kwenye kiti nikaandika kwamba binadamu ni adui wa nyuki. Nyani haoni kundule, na mimi nina kundu lenye safu ya gazeti kila Jumapili.

Niliposoma barua yako nilipanda kiti kilekile. Nimeondoa nta kwa ncha ya kisu, tundu moja moja. Nilidhani nitakuta makaburi, na mengine ni makaburi kweli. Lakini wengi walikuwa wameshatoboa mlango mwingine upande wa juu, ambako mimi sifiki. Wamenishinda. Sijawahi kufurahi kushindwa hivi. Jioni hii nimesimama kuwaangalia wakirudi nyumbani mmoja mmoja, wazito, weusi, kama mafundi waliotoka kazini na vifaa mgongoni.

Nimetazama pia ua la mpasheni, la jirani yangu hapa, nimeinama mpaka mgongo umelia. Nyuki wangu wa asali anaingia chini, anakomba, anatoka, mgongo wake haufiki juu kwenye zile ndimi. Ni mdogo. Seremala akitua, ua zima linainama, na mgongo wake unasugua kila kitu. Ni kidole chako kile, kimeota mbawa. Nilikuletea jeshi zima la watu wafupi kuja kuchuma maembe. Mizinga yangu peleka ng'ambo ya mkondo, kwenye maboga na alizeti za jirani, kule watafanya kazi ya kimo chao.

Dawa bado ni adui, usidhani nimelainika. Mwenye duka bado nina neno naye. Lakini sasa namwona adui mwingine ambaye sijawahi kumwandika, na huyu hauzwi kwenye chupa. Ni usafi. Tunataka kila nguzo inyooke, kila mti mkavu ukatwe, kila tundu lizibwe, kila pembe ipakwe rangi. Mti uliooza tunauita uchafu. Kumbe ndio nyumba ya wapangaji wanaotulipa kodi ya chakula. Tunawafukuza kwa ufagio, kwa nia njema kabisa, halafu tunatafuta mchawi. Hii ndiyo makala yangu sasa. Ile ya kwanza nimefungia vitumbua.

Boriti naitoa. Fundi wa mtaa kaja, kaniambia dada unabomoa nyumba nzima kwa ajili ya wadudu, nikamwambia ndiyo, na wewe unalipwa kwa ajili ya wadudu, kaza kamba. Jioni wakishaingia wote nitaziba midomo kwa vitambaa, kwa muda tu, na dereva anaondoka nayo alfajiri. Ikifika vua vitambaa usimame pembeni. Safari ni ndefu, hawataweza kurudi kwangu.

Umeniomba nisimwambie. Nimekataa, lakini sitakuvunjia heshima. Barua yake iko ndani ya bahasha hii hii, haijafungwa. Isome. Ukiona vyema, mpe. Ukiona vibaya, washia jiko, una mazoea.

Ila kumbuka hili: boriti haiwezi kujitundika. Inahitaji fundi.

Mwiba

*

Mjini, 12 Mei

Mdogo wangu,

Hii ni dada yako. Usiogope, siombi kitu, naamuru.

Nguzo zako ni nzuri. Ningekuwa na shamba ningeziiba. Hazina kosa lolote isipokuwa moja: hakuna mdudu anayeweza kutoboa chuma. Wale weusi waliokuwa wakikaa ndani ya nguzo za zamani ndio waliokuwa wakilifanya shamba la mkeo lizae. Ulipotoa miti, ulitoa nyumba zao. Hukujua. Mkeo hakujua. Mimi niliyejipa cheo cha kujua, sikujua, nikamletea mizinga ya wezi. Kwa hiyo tuko watatu, na hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mkeo amelijua hili tangu Februari na amenyamaza ili usiumie. Alikuwa tayari kupoteza shamba kuliko kuiaibisha zawadi yako. Fikiria hilo kabla hujafikiria kukasirika.

Usizing'oe nguzo. Fanya unachokijua: chomelea. Nataka boriti yangu ishikwe juu ya chuma chako, kivulini, isiguse ardhi, iwe na kipaa cha bati mvua isiingie. Na mti mkavu mwingine wowote utakaouona, utundike kando yake. Chuma kishike, mti uzae. Wala hapo hakuna aliyeshindwa.

Kama huwezi kazi hiyo, sema, nitafute fundi.

Dada yako

*

Bondeni, 24 Juni

Dada,

Mimi si mwandishi. Kazi hiyo niliwaachia nyinyi wawili, naona mmeifanya vya kutosha nyuma ya mgongo wangu.

Boriti ilishushwa kwangu karakana, mimi nikiwa nimetoka. Mke wangu alivua vitambaa, akaifunika gunia, akaenda zake. Niliporudi nikaona gogo limelala mlangoni kwangu, lina matundu, limeoza upande. Nikadhani umenitumia kuni. Nikaona ni mti mgumu, nikasema nitapata miguu miwili ya meza. Niliipima, nikaweka alama ya chaki, nikachukua msumeno.

Alikuja mbio kutoka jikoni, sijawahi kumwona akikimbia vile. Hakunyang'anya msumeno. Aliikalia boriti. Akakaa pale katikati, juu ya alama yangu ya chaki, wadudu wakimzunguka miguuni, akatoa barua kifuani. Akaniambia, "Soma kwanza. Ukimaliza, kata ukitaka."

Nilisoma nimesimama na msumeno mkononi. Nilipofika pale penye Februari nikauweka chini.

Nitakuambia nilichomwambia yeye. Wiki ile niliposimamisha nguzo, wale weusi walikuwa wanakuja kuzigonga. Wanatoka mbali, wanagonga chuma, puu, wanazunguka, wanarudi, puu. Nilikuwa napaka rangi, nikawacheka. Nikawaambia leo mmekutana na fundi kweli. Baada ya siku kadhaa sikuwaona tena, na sikujiuliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akatokwa na machozi, akaniambia kumbe wewe ulipewa taarifa na wenyewe.

Kazi yako imekwisha. Nimechomelea mikono minne kwenye nguzo za katikati, boriti imelala juu yake, imefungwa kwa mikanda ya bati, haitikisiki. Kipaa nimeweka. Nimepita kule juu nikakusanya magogo makavu, kila mstari una lake. Watu wanauliza kwa nini natundika kuni hewani. Nawaambia ni mapambo.

Wafyatua matofali walikuja wiki iliyopita kuuliza mwisho wa Juni. Mwisho wa Juni ulikuwa bado, lakini sikuungoja. Niliwapitisha kwenye mistari, nikawaonyesha matunda ya kijani, yameshakuwa makubwa kama mayai, si kwenye mstari wa lango tu. Yule wa simu akasema basi tupe vigingi vyetu. Nikamwambia vigingi ni vya mti, vimeshapata wapangaji. Si kweli bado. Lakini wewe ulimdanganya dereva kuhusu baridi yabisi.

Mdogo wako

*

Bondeni, 9 Agosti

Wifi Mwiba,

Dereva atakushushia kreti nne. Ukiona kapunguza, mwambie ninajua. Ni za mchumo wa kwanza, zile za mistari ya karibu na boriti yako, na nyingine bado zinaiva. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi nimetuma mtu kuazima kreti. Ulisema Juni. Umekosea kwa mwezi na ushee, nami nitakukumbusha mpaka kaburini.

Ungewaona. Adhuhuri wakiondoka kwenye boriti ni kama mtu kawasha mashine. Ua linainama, linainuka, linainama la pili. Kuna mmoja mnene sana, kaka yako anamwita Msimamizi. Anakaa pale saa ya mapumziko na chai yake anamwangalia, yeye aliyekuwa akisimama mbali. Juzi kasikia mtoto wa jirani anataka kuwapiga na kandambili, akatoka karakana na miwani ya kuchomelea usoni. Mtoto kakimbia mpaka leo.

Makala yako nimeisoma. Ile sehemu ya ufagio nimeisoma mara mbili. Watu wawili wamekuja hapa na gazeti mkononi kutazama nguzo zetu, mmoja ni bwana shamba. Alishika chuma, akagonga mti, akainusa boriti. Sikumsema. Nilimpa juisi. Akaniuliza aandike nini kwenye ripoti yake, nikamwambia aandike kwamba udongo ni mzima. Wezi wako wako ng'ambo ya mkondo, jirani kaleta maboga matatu ya shukrani, na mimi nimekula asali yako bila kukuambia.

Sasa jambo la faragha. Kaka yako ameona aibu kwamba umebomoa veranda kwa ajili yetu. Kwa hiyo juu ya lori, imefungwa magunia, kuna boriti. Ya chuma. Kaichomelea wiki tatu, kaipaka rangi ya kijani, ina ndoano kila mahali ingawa sijui utatundika nini. Anasema hiyo itakuzika. Ipokee, wifi. Ipokee na usifu, usiandike chochote kuhusu hilo gazetini.

Lakini chini ya kreti, pembeni, utakuta kigogo kifupi nimekifunga kwa kanga yangu ya zamani. Nimekitoa mstari wa lango. Kitundike kwenye ndoano moja ya kaka yako, pale juu ya meza unapoandikia. Unga ukidondoka kwenye karatasi, puliza uendelee.

Kina tundu moja tayari. Usilizibe.

Wifi yako wa bondeni